Hofu si Dhambi, na Mirembe si Tusi



Katika jumuiya zetu imezoeleka hukumu moja inayotolewa bila shauri wala ushahidi. Mtu anakuja mbele ya wenzake akieleza kwamba moyo unamwenda mbio bila sababu, kwamba usiku hapati usingizi, kwamba akipanda daladala iliyojaa kutoka Miyuji kwenda mjini anahisi pumzi inakatika na kifo kimemfikia. Jibu analopewa ni hili: imani yako ni haba. Wengine humwambia ana pepo. Na wengine, wale wanaojihesabu kuwa wamesoma, hawasemi kitu mbele yake. Humngojea aondoke ndipo wacheke kwamba huyo ni wa kupelekwa Mirembe. Ninazipinga hukumu hizo zote tatu, na ninazipinga kwa jina la haki, kwa sababu mtu anayehukumiwa kwa kosa asilolitenda ameonewa, hata kama aliyemhukumu alikuwa ameshika rozari mkononi.

Tuanze na mwili, maana hatuwezi kuuhukumu pasipo kuufahamu. Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, usawa wa panja, kuna vifundo viwili vidogo vyenye umbo la lozi. Wataalamu huviita amigdala. Moja ya kazi zake ni kupima hatari. Mwanasayansi wa Marekani, Joseph LeDoux, alionyesha kwa utafiti wake juu ya panya kwamba habari za hatari huzifikia lozi hizo kwa njia mbili: iko njia ya mkato, ya haraka lakini isiyo makini, na iko njia ndefu inayopitia kwanza sehemu za ubongo zinazochambua mambo. Ndiyo maana mtu anayepita porini jioni huruka kwanza, na baadaye ndipo hutambua kuwa kilichomshtua ni kamba. Wahenga wetu walilijua jambo hili kabla ya maabara waliposema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kengele hiyo ikilia, amri hushuka hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Mtaalamu wa maumbile ya mwili, Walter Cannon, alieleza mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kwa namna hiyo kupigana au kukimbia. Moyo hupiga haraka ili misuli ipate damu. Tumbo huacha kazi yake, likasokota. Kinywa hukauka. Pumzi huenda mbio, na zikienda mbio mno, hewa ya kaboni hupungua katika damu, mtu akashikwa na kizunguzungu na ganzi vidoleni. Someni tena orodha hiyo, kisha mkumbuke ni mara ngapi mmeshuhudia dalili hizo hizo zikitangazwa kwenye kipaza sauti kuwa ni kazi ya jini. Ni kengele iliyowekwa na Mwumba ili tusiliwe na simba. Kwa mgonjwa wa wasiwasi inalia hata simba asipokuwapo, na hainyamazi kwa kukemewa.

(LeDoux mwenyewe amewaonya watu wasizifanye lozi hizo kuwa ndizo makao ya hofu. Hofu tunayoijua na kuisema, anasema, hutengenezwa pia na sehemu za ubongo zinazofikiri. Onyo hilo ni muhimu, na tutaliona faida yake tukifika kwenye tiba.)

Je, ni dhambi? Waliopita seminarini watakumbuka kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliichambua hofu kwa kirefu miongoni mwa miguso ya nafsi, akafundisha kwamba miguso hiyo kwa yenyewe si mema wala si maovu; hata suala la kwa nini mwoga hutetemeka alilitafutia sababu mwilini. Na Nabii Elia, alipomkimbia Yezebeli akaketi chini ya mti akiomba afe, hakupelekewa mahubiri. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Ni mara ngapi sisi tumeanza na mkate?

Kuhusu mapepo nitasema kwa kifupi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, hairuhusu mtu yeyote kuwapunga waliopagawa isipokuwa padre aliyepewa idhini maalumu na ya wazi na Askofu wake. Kanisa limekuwa na tahadhari hiyo kwa kuwa linajua jinsi ilivyo rahisi kumdhania mgonjwa kuwa amepagawa. Basi mlei anayemtupa binti wa watu chini na kumpigia kelele masaa mawili, au mhubiri anayemwuzia chupa ya mafuta, ametoa wapi mamlaka? Na angalieni matokeo yake: binti ambaye kengele yake ilikuwa inalia kwa sababu ya daladala, sasa inalia pia kwa sababu ya kanisa.

Lakini liko jambo ambalo sisi wa Haki na Amani hatuna budi kulisema kwa sauti kuliko madaktari. Si kila kengele inayolia imeharibika. Katika nchi hii ya Ugogo, ambako mvua ni chache na haina ahadi, mkulima anayekosa usingizi mwezi wa Januari mahindi yakinyauka hana ugonjwa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ardhi ya pembezoni mwa mji imepanda thamani, na mwenye kiwanja kisicho na hati anaposhtuka kila linapopita gari lenye namba za Serikali, ana sababu. Mtazameni pia mama muuza mboga aliyechukua ule mkopo ambao wananchi wenyewe wameupa jina la kausha damu, wa riba isiyobebeka, unaorejeshwa kila siku au kila wiki. Kila simu inapolia, mapigo ya moyo wake yanapaa, maana huenda ni mkopeshaji anayetishia kubeba kitanda na sufuria. Mwili unaokaa miezi mingi katika hali hiyo hauli vizuri wala haulali, na hatimaye kengele hujifunza kulia yenyewe, hata deni likiisha. Kumwambia mama huyo apumue taratibu, huku anayemkausha damu akiketi kiti cha mbele na kutoa sadaka nono, ni unafiki.

Hata hivyo, tusidai kwamba kwa kuwa dhuluma ipo, basi tiba ni anasa. Mwenye kudhulumiwa anahitaji haki, na anahitaji usingizi pia ili aweze kuidai.

Tiba yenyewe si uchawi wa Wazungu. Mgonjwa wa daladala kila anaposhuka kabla ya kituo chake, kengele hutulia, na ubongo huandika: umepona kwa sababu umekimbia. Hivyo kukimbia ndiko kunakoilisha hofu. Mshauri humsaidia arudi hatua kwa hatua: leo asimame kituoni, kesho apande gari tupu, baadaye gari lenye watu, akibaki humo mpaka mwili ujionee kwamba hofu hupanda kisha hushuka bila kifo. Kumbukumbu ya zamani haifutiki. Mpya huwekwa juu yake, na sehemu ya mbele ya ubongo hujifunza kuituliza kengele. Hapo ndipo onyo la LeDoux linapofaa, kwani mshauri hushughulika pia na mawazo: je, mapigo haya ni kifo kweli, au ni moyo unaofanya kazi yake?

Mtaniambia kwamba hatuna wataalamu. Ni kweli ni wachache, lakini tazameni kwa jirani. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 wa mtaani. Waliketi kwenye benchi nje ya zahanati wakiwasikiliza wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi husema mtu ana mawazo. Bibi hao walimsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja na kutafuta njia ya kulitatua. Utafiti wa watu 573 katika zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliosaidiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko wengine. Na hapa kwetu Moshi, pamoja na Bungoma nchini Kenya, washauri wasio wataalamu walifundishwa kuwatibu kwa mazungumzo watoto waliofiwa na wazazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Hayakuwa sawa kila mahali, lakini vijijini kwetu watoto waliotibiwa walipata nafuu kuliko wenzao. Bibi wenye hekima tunao tele, na benchi tunazo. Tunachokosa ni mafunzo na usimamizi, na hayo ndiyo tuyadai kwa Serikali na kwa Kanisa.

Si kila mmoja anatosheka na benchi. Mwenye dalili hizi apimwe kwanza hospitali, kwa kuwa moyo na tezi ya shingoni nazo huweza kuzileta. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake hata kidogo. Asindikizwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Wako wanaohitaji dawa, na hakuna Mkristo anayeambiwa amekosa imani kwa kumeza dawa mseto ya malaria.

Kuhusu Mirembe: hospitali hiyo imekuwapo Dodoma tangu mwaka 1927, wagonjwa huletwa kutoka kila pembe ya nchi, na sisi tunaoishi jirani nayo ndio tuliogeuza jina lake kuwa tusi. Kwa Kiganda neno mirembe maana yake ni amani. Kila mzaha wetu humfanya mtu mmoja zaidi aogope kuonekana langoni pale, naye hubaki ndani kwake na ugonjwa unaotibika. Mwenyekiti wa jumuiya aukemee mzaha huo kama anavyokemea masengenyo.

Na yule mama wa kausha damu, mkienda kumwombea, mwombeni awaonyeshe mkataba wake. Usomeni pamoja naye mstari kwa mstari, andikeni amelipa kiasi gani mpaka leo, kisha mleteni pamoja na karatasi zake kwa Tume ya parokia.