Wito wa Kukopa

Kila mwaka mtihani wa darasa la saba unapokaribia, hapa Tunduma huanza biashara moja isiyopitia forodhani. Wazazi Wakatoliki wenye watoto wa kiume huanza kuwafundisha watoto hao kusema uongo mbele ya padri. Ndugu msomaji, usinikasirikie kwa neno hilo; nimelipima sana na sikupata jingine. Mtoto ambaye hajawahi kutamka hata siku moja kwamba anataka upadri, anayependa mpira na malori, anakalishwa sebuleni na kukaririshwa: ukiulizwa kwa nini unataka seminari, sema Mungu anakuita.

Mwanangu wa pili naye amefika umri huo. Jirani mmoja wa jumuiya yetu, mtu mwema anayenisaidia katika shida na raha, alinishauri bila kificho: "Baba, mpeleke Kaengesa au Mafinga. Habari ya upadri atajijua mwenyewe huko mbele ya safari." Lawama si ya seminari hizo, ambazo zinafanya kazi yake. Lawama ni yetu sisi tunaokwenda kugonga mlango kwa jina la kukopa.

Najua kinachotusukuma. Tunduma si mji wa kumlelea mtoto huku mzazi amelala. Ni mji wa watu zaidi ya 200,000 kwa sensa ya 2022, malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, na Nakonde ni ng'ambo tu ya barabara. Mvulana wa miaka 13 akisukuma mzigo kuvuka mpaka anarudi na fedha mfukoni siku hiyo hiyo. Mwalimu wake anamwahidi fedha baada ya miaka kumi, na wala hana hakika nayo. Hapo shule inashindwa kabla kengele haijalia. Kwa hiyo mzazi anatazama mbali: Kaengesa, huko Sumbawanga, safari ndefu, au Mafinga, ambako ni lazima kwanza uipite Mbeya, kisha Makambako. Umbali wenyewe ndio dawa anayoinunua.

Tena anaambiwa, tazama matunda! Benjamin Mkapa alipitia Seminari ya Kigonsera, akaja kuwa Rais. John Magufuli alipitia Seminari ya Katoke, naye akawa Rais. Ni kweli. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano wenyewe, mwaka 1965, ulielekeza kwamba masomo ya seminari ndogo yapangwe hivi kwamba kijana atakayechagua maisha mengine asipate taabu kuendelea mahali pengine. Kuondoka basi si dhambi. Lakini hati hiyo inamzungumzia kijana aliyeingia akitafuta kama ana wito, akaona hana. Haimzungumzii kijana aliyeingia akijua hana, na baba yake akijua pia. Mmoja alitafuta asipate. Mwingine alikuja kuchukua hesabu na nidhamu akaondoka nazo.

Na anachochukua kina mwenyewe. Seminari huchangiwa na waamini. Yule mama anayeuza ndizi kituo cha mabasi, noti yake ya siku ya kuombea miito anaitoa ili apatikane padri wa kuwazika watoto wa watoto wake. Hakuitoa ili mimi mwenye duka nipunguziwe ada. Kiti anachokalia mwanangu kwa wito wa kukopa kilikuwa cha mtoto fulani wa Ileje au Momba aliyekitaka kweli. Huyo haonekani, kwa hiyo hatumhesabu.

Mtaniuliza, basi upeleke wapi? Hapa nina ugomvi wa pili, nao ni na mazoea yetu ya kudhani kwamba mvulana hawezi kusomeshwa vema ila aondolewe mjini. Mazoea haya yana historia. Wamisionari walipenda vilima na upweke: Pugu iko nje ya Dar es Salaam, Tosamaganga iko nje ya mji wa Iringa. Nyerere alifundisha Pugu hadi alipojiuzulu 1955, na siasa ilimlazimu kushuka mjini mara kwa mara, kwa sababu watu walikuwa huko. Shule hizo zilitaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Kanisa liliporudia kujenga shule kwa wingi, si kila mara lilirudi kilimani. Wajesuti walijenga Loyola pale Mabibo, katikati ya mitaa ya Dar es Salaam, wavulana kwa wasichana. Kumbe inawezekana mtoto akatoka darasani akapita sokoni na bado akabaki mtu.

Mvulana wa mpakani anayepelekwa mbali miaka minne anarudi kila likizo kwenye malori yale yale, na sasa hakuna aliyemzoeza kuyapita. Hiyo si hoja ya kitabuni. Kila mtaa wa Sogea na Majengo una mfano wake.

Ugomvi wa tatu ni mfupi. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini sisi wazazi tunaendelea kuitengeneza orodha hiyo wenyewe na kuitumiana kwenye simu. Nilitembelea shule moja ya bweni ya wavulana, sitaitaja. Niliuliza swali moja tu: kidato cha kwanza waliingia wangapi, na katika hao wangapi walifika mtihani wa kidato cha nne? Nikaonyeshwa kabati la vikombe. Nikauliza tena, nikaletewa soda.

Mwanangu atasoma sekondari ya kutwa ya serikali, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ada haipo tangu 2016, na fedha ambayo ningeipeleka bweni nitailipa kwa mwalimu wa hesabu wa jioni. Darasa lina watoto wengi mno, hilo silifichi, na mke wangu hajaridhika hata sasa.

Parokia yetu ina ukumbi mzuri wenye umeme, unaokaa na kufuli siku sita kwa wiki. Nimeandika barua kwa halmashauri ya walei kuomba ufunguliwe kila jioni, wavulana wa mtaani wasomee humo, wawe Wakatoliki, Wamoraviani au Waislamu. Wazazi wanne tumejitolea kulipa umeme na mlinzi, na mwalimu mmoja mstaafu amekubali kukaa nao hadi saa tatu usiku. Barua ina miezi miwili sasa. Nimeambiwa itajadiliwa baada ya mavuno.