Kuuzisha Uganda kwa simu: mtu wa Yahuma anapata nini?

Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana wa machimbo wanaulizana: kama mteja wa Kampala anaona mali yangu leo leo kwa WhatsApp, sababu gani niuzishe Kisangani kwa bei ya chini? Swali ni la kweli. Jibu linategemea kile uko nacho mukononi.

Zahabu na diamant kwanza, maana njo zinavuta watu. Hapo hakuna faida, kuko kifungo. Code minier ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka mchimbaji mwenye carte auzishe humu humu ndani ya inchi: kwa négociant, kwa comptoir, ao kwa soko lenye kukubaliwa. Diamant haivuki mpaka bila cheti cha Kimberley, na kwetu cheti hicho kinatoka CEEC, si kwa mtu wa kando. Yule anayekuandikia « tuma mzigo, makuta nitatuma kwa simu » anajua vizuri kama hauwezi kumushitaki. Akifunga simu, utaenda kueleza polisi nini?

Basi tuangalie kakao, kwa kuwa familia nyingi za wachimbaji ziko na shamba pia. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10.000 kwa tani, na kila mtu akaanza kuota. Lakini hiyo ni bei ya bourse, si ya kijiji. Gunia litoke Yahuma na pikipiki mpaka mtoni, lipande baleinière mpaka Kisangani, kisha camion kwa RN4: Bafwasende, Mambasa, Komanda, Beni, Kasindi. Kisangani mpaka Kasindi peke yake ni karibu kilometa 800, na matope, na barrières, na hatari ya ADF. Kila kituo kinakula kidogo. Sasa mununuzi wa Kampala atalinganisha gunia lako na la mtu wa Beni, ambaye mpaka uko kilometa 80 tu kwake. Huyo amekupita mbele haujaanza safari.

Kahawa ni vile vile: Uganda yenyewe inalima robusta tele na kuuzisha inje.

Wengine wanasema, Jumuiya si ilifungua mpaka? Ilipunguza ushuru kwa mali yenye cheti cha kuonyesha kwenye ilitoka, lakini DGDA na OCC bado ziko pale, na kwa kakao na kahawa utapita ONAPAC. Tena makuta ya simu yanakatwa: mara ya kutuma, mara ya kubadilisha shilingi, mara ya kutoa. Kwa biashara ya gunia mbili, hayo makato si kitu kidogo.

Mimi naona simu inaleta faida fasi ingine. Uliza bei ya Kampala na ya Butembo mbele négociant hajafika kijijini. Akisema bei imeanguka, utajua kama ni kweli. Bamama wenye samaki ya moshi na viwavi wapige picha, watafute wateja Kisangani, kwenye mzigo unafika bila kupita mpaka hata mumoja. Na kama mtu wa Uganda anasisitiza, aombwe nusu ya makuta mbele gunia halijatoka nyumbani. Akikataa, baleinière ya Kisangani iko.