Mtihani wa Mikono, Si wa Mdomo

Naomba nafasi katika jarida letu nitoe maoni yangu kuhusu mtihani wa vitendo wa wanafunzi wa uuguzi. Najua wengi humu shuleni wanautamani uuguzi baada ya kidato cha nne, kwa hivyo jambo lenyewe ni letu pia.

Mtihani huo hufanywa kwa vituo. Kengele ikilia unaingia cha kwanza, pengine upime presha. Dakika chache baadaye kengele tena, mbio kwingine ukafunge kidonda au uchome sindano. Msahihishaji amekaa pembeni na karatasi yake, hacheki wala hanuni. Dada yangu anasomea kazi hiyo, na wenzake waliokuja kwetu likizoni walitaka ufutwe kabisa. Eti mmoja kengele ilimsahaulisha hata jina lake!

Mimi nawapinga. Zamani mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja na msahihishaji wake. Ukiangukia mgonjwa mgumu au mwalimu mkali, shauri yako. Mtindo wa vituo ulielezwa mwaka 1975 na Profesa Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, ukiwa wa wanafunzi wa udaktari kabla ya kuwafikia wauguzi. Wote hupewa kazi ileile na kusahihishwa kwa karatasi ileile. Upendeleo hapo hupata taabu kupenya.

Lakini kuna lalamiko moja ninaloliunga mkono. Shirika la Afya Duniani linasema kunawa mikono kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60. Kituo kikiwa cha dakika tano, hiyo yaweza kumeza humusi ya muda wote. Basi mwanafunzi afanyeje? Anatamka tu, "Sasa nanawa mikono," anapata alama, anaendelea. Hata tone la maji halijamwagika. Sasa jamani, mtu akizoea kunawa kwa mdomo, wodini ataanza lini kunawa kwa mikono? Mwenye kidonda ndiye atakayejua tofauti. Nilipomwuliza dada hivyo alicheka, halafu akanyamaza.

Kwa hivyo, kengele ibaki ila dakika ziongezwe, maji yatoke mferejini kweli, na anayetamka bila kutenda asipewe kitu. Tena chumba cha mazoezi kisifungwe jioni. Wale wageni wetu walisema sanamu ya kujifunzia ni moja na darasa zima linaigombania, kisha siku ya mtihani unaikabili peke yako. Hilo sisi wa kemia tunalielewa vizuri: bureti moja watu wanne, na siku ya mtihani unapewa yako, mkono watetemeka kama wa mzee. Sisi tukitetemeka tunamwaga asidi kidogo. Wao wameshika sindano. Walimu wetu wa kemia nao wakisoma hapa, lile ombi la bureti bado lipo.