Corolla Ipi Itufae Nyumbani?

Mwezi huu nimeweka kando habari ya mboga za kukausha niliyokuwa nimeiandaa, kwa sababu ya barua moja iliyonifikia kutoka hapa hapa kwetu Ngokolo. Imeandikwa na mama wa watoto wanne anayeuza nguo Mitumbani. Mume wake yuko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa miaka mitatu wameweka akiba ya gari, na sasa wana shilingi milioni 13. Katika hizo, milioni 4 na nusu ni za mama mwenyewe, mgao wake wa kikoba. Dalali mmoja amemwonyesha baba Mark II nyeusi, inang'aa, na baba ameipenda. Mama anataka Corolla. "Wewe umekaa na Corolla muda mrefu," ananiandikia. "Niambie ni ipi, na nimwambieje baba watoto bila kumvunjia heshima. Mwakani watoto wawili wanaingia shule ya bweni, na ada yake si ndogo."

Dada yangu, mimi si fundi. Ila nimeendesha Corolla 110 kwa miaka saba na NZE kwa miaka tisa, na nimekaa kwenye mabenchi ya gereji za mji huu hadi mafundi wananiita mama mkwe. Haya nitakayosema yametoka huko.

Nianze na Mark II, maana ndiyo yenye kesi. Ile wanayoiita GX 110 ni gari zuri, wala usimwambie shemeji kwamba ni baya, kwa sababu hatakusikiliza tena. Ina injini ya silinda sita, mwendo wake ni laini, na siti zake zinakaa watu wanene. Lakini silinda sita hunywa. Kutoka hapa kwenda Mwanza na kurudi ni kilomita zipatazo 320. NZE yangu ikiwa imetunzwa hunipa kilomita kama 13 kwa lita, yaani lita 25 kwa safari nzima. Jirani yangu mwenye Mark II hupata 9 akienda polepole, yaani lita 36. Tuseme lita ni shilingi 3,000: tofauti ya safari moja ni shilingi 33,000. Bei yenyewe mnajua haitulii. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mara nyingi siku hiyo mimi husikiliza redio kuliko siku ya uchaguzi. Chukua kalamu, dada, mwandikie shemeji hesabu hiyo kwenye karatasi. Hesabu haimvunjii mtu heshima.

Sasa Corolla. Jina hili lilianza Japani mwaka 1966, na mwaka 2021 Toyota ilikuwa imekwisha kuuza zaidi ya milioni 50 duniani. Kwetu sisi faida ya wingi huo ni moja tu: spea. Ukiharibikiwa Tinde, Maganzo au Kahama, utampata kijana anayelijua gari lako kuliko wewe.

Ya zamani ambayo bado inaonekana mitaani ni 110, iliyotoka mwaka 1995 hadi 2000. Nyingi zina injini ya 5A, yenye ujazo wa sentimita 1,500. Ni gari la fundi wa chini ya mwembe: haina mambo mengi ya umeme, na shokapu za nyuma na bushi zake hupatikana kwa bei ambayo mama anaweza kuilipa bila kumwambia mtu. Jambo la kukumbuka ni mkanda wa taimingi. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika gari linasimama papo hapo. Ukinunua 110, badilisha mkanda huo wiki ya kwanza, hata muuzaji akiapa. Shida yake kubwa kwa sasa ni umri. Hata ile ya mwisho kutengenezwa imevuka miaka 25. Mpira umekauka, nyaya zimekatwa na kuungwa, na bodi imepigwa pasi na kupulizwa rangi mara kadhaa. Kwa mama anayetaka gari la sokoni na kanisani, bado inafaa. Kwa safari ya Geita kila mwezi, hapana.

Baada yake ikaja ile tunayoiita NZE, kwa herufi zilizo mwanzo wa namba yake ya chesisi, NZE121. Ilitoka mwaka 2000 na kuendelea hadi 2006. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo Corolla ya mama wa nyumbani wa mkoa huu. Injini yake ya 1NZ haina mkanda bali cheni, ambayo hudumu miaka mingi ikiwa oili inabadilishwa kwa wakati. Usukani ni mwepisi, buti linabeba gunia la mchele na mabegi ya bweni, na kiyoyozi, kikiwa kizima, kinakuokoa na jua la Oktoba. Ubaya wake? Iko chini. Barabara zetu za ndani mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa mbuga mnazijua; NZE iliyojaa watu hukwaruza tumbo. Tena ikizeeka na oili ikisahauliwa, huanza kula oili bila kutoa dalili kubwa. Mimi hupima kijiti cha oili kila Jumamosi kabla ya kufua. Koili za plagi nazo hufa moja moja, gari likawa linakohoa kama mtoto mwenye kifaduro. Usikubali fundi akubadilishie zote nne kabla hajakuonyesha ipi imekufa.

Axio ilianza mwisho wa mwaka 2006, na umbo jipya likaja mwaka 2012. Ni safi zaidi, kimya zaidi, na vijana wanaipenda. Wengi hawaambiwi kwamba nyingi za gia otomatiki hazina giaboksi ya kawaida bali aina ya CVT, isiyo na gia za kuhesabu, na ina oili yake ya peke yake. Fundi akiijaza oili ya giaboksi nyingine kwa kuwa ndiyo aliyo nayo, umekwisha. Zipo pia Axio za haibridi, kuanzia 2013, zinazotumia umeme pamoja na petroli. Mafuta hula kidogo sana. Lakini betri lake kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari karibu na siti ya nyuma, na vumbi la huku kwetu huiziba. Kama huna fundi anayejua kuisafisha, usinunue haibridi ukaiendesha kwenye vumbi la machimboni.

Corolla mpya kabisa ya umbo la sasa, iliyoonyeshwa mwaka 2018, nimeipanda mara moja nikiwa mgeni wa mtu Dar es Salaam. Nilishuka nikiwa nimependeza. Basi.

Wengine watauliza: kwa nini tusiagize wenyewe Japani, tukapata lisilochezewa? Sheria yetu haikatazi gari la zamani kama Kenya, ambako mwisho ni miaka 8. Lakini kodi huadhibu umri. Chukua gari ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima hadi bandarini ni shilingi 100. Ushuru wa forodha asilimia 25: unafika 125. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, na gari likizidi miaka 10 linaongezwa asilimia 30 nyingine; unakaribia 169. Weka VAT asilimia 18, unafika kama 199, kabla ya tozo ndogo ndogo. Yaani unalinunua gari mara mbili. Tena thamani inayotumika ni ile ya TRA, si ile uliyoelewana na muuzaji. Kwa kuwa NZE zote zimekwisha kuvuka miaka hiyo, wachache wanaziagiza, na utakayoipata ni ile iliyokwisha kutembea Tanzania. Ndiyo maana kwa milioni 13 mimi ningetafuta NZE ya mtu mmoja, iliyotunzwa, na ningebakiza angalau milioni 2 za tairi, shokapu na ada. Axio ya kutoka bandarini itamaliza fedha yote na kudai nyingine.

Hapa madalali wana maneno yao. "Mama, hii namba D!" Herufi ya kwanza kati ya zile tatu kwenye kibao hukueleza gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haikuelezi lilitengenezwa lini. Gari la 2002 laweza kuwa na namba D, na gari la 2005 likawa na namba B. Fungua boneti, soma namba ya chesisi, ilinganishe na kadi, herufi kwa herufi. Uliza pia kama lina faini za trafiki, kwa kuwa huandikwa kwa namba ya gari. Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini sana. Tazama pedali ya breki, usukani na siti ya dereva: gari linalosema kilomita 70,000 huku mpira wa pedali umelika hadi chuma linasema uongo.

Niwasimulie letu la kwanza, ile 110. Tuliikuta imewashwa, inanguruma vizuri, injini imeoshwa ikang'aa. Mume wangu aliipenda, nami nilipenda rangi. Tukalipa. Siku ya kumi na mbili, usiku, mtoto wetu wa pili alishikwa na homa kali tukaanza kwenda Kolandoto. Hatukufika mbali, mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka. Tulisimama gizani na mtoto mapajani, nikimfuta kwa kitambaa cha maji ya kunywa, mpaka akapita mwenye pikapu akatuchukua. Mtoto alipona. Gari lilikuwa na silinda hedi iliyopinda tangu kabla hatujalinunua, na muuzaji alilipasha moto makusudi tusione.

Injini baridi haifichi. Ifike ikiwa haijawashwa tangu jana yake. Ifungue rejeta: maji yawe safi, yasiwe na utando wa mafuta wala kutu. Fungua kifuniko cha oili: ukiona povu jeupe kama uji, funga, ondoka. Kisha iwashwe, na mtu asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha hata gari likipata moto ni maji yanayoingia ndani. Kwenye NZE sikiliza upande wa cheni. Mlio wa kugongagonga usiotulia si wa kawaida. Baada ya hapo liendeshwe hadi lipate moto hasa, na kiyoyozi kimewashwa, si kuzunguka uwanja tu.

Sasa lile la jina, ambalo hukuniuliza, dada, lakini nimeliona katikati ya mistari. Milioni 4 na nusu zako zinaingia kwenye gari. Kadi itaandikwa jina la nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake peke yake hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa ni yao sawasawa. Ni kweli kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini mchango huthibitishwa. Kama kadi itabaki na jina la shemeji, andikianeni karatasi ya kila mmoja alitoa kiasi gani, na daftari lako la kikoba usilitupe. Sisemi haya kwa kuwa namshuku mume wako. Mtu wa machimboni hushuka shimoni, na ndugu wa mume wakija siku ya msiba huuliza kadi kwanza. Mwambie hivyo hivyo. Mume anayewapenda watoto wake ataelewa.

Akikuambia gari litajilipa lenyewe kwa kubeba abiria wa Kahama kama michomoko, mkumbushe kwamba abiria wa kulipa wanahitaji leseni ya LATRA na bima ya biashara. Bima ndogo ya gari la familia haitawalinda.

Njia ya Geita, hata hivyo, ni sababu nzuri ya kuwa na gari imara. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, hakuna tena kulala foleni ya kivuko. Shemeji anaweza kutoka asubuhi akala nanyi chakula cha mchana.

Umeniandikia kwamba kuna NZE ya fedha ya mwalimu mstaafu pale Kitangili. Jumamosi nitakuja na fundi wangu, saa moja asubuhi. Mpigie mwalimu leo, umwombe asiliwashe kabla hatujafika.