Barua pepe za ulaghai: tuamini kauli ya mwenye kikoa au orodha teule?

Mei 2, 2024, idara za usalama za Marekani zilitahadharisha kwamba wadukuzi wa Korea Kaskazini wajulikanao kama Kimsuky wanatuma barua pepe kwa kujificha nyuma ya majina ya taasisi halali, wakinufaika na sera dhaifu za DMARC. Tahadhari hiyo yarudisha swali la siku nyingi: seva inayopokea barua imwamini nani?

Chini ya utaratibu wa DMARC, uliotangazwa mwaka 2012, mwenye kikoa huweka hadharani agizo kuhusu barua zinazotumia jina lake bila kuthibitishwa: ziachwe zipite, zitengwe au zikataliwe. Anayechagua la kwanza hupata ripoti tu. Mlango hubaki wazi.

Kabla ya hapo palikuwa na orodha teule. Mwaka 2008 Gmail ilitangaza kwamba inakataa barua zinazodai kutoka eBay na PayPal zisipokuwa na sahihi halali ya kidijiti, kwa makubaliano na kampuni hizo. Ubora wa orodha ni kwamba kila jina limechunguzwa. Kasoro yake ni kwamba benki ndogo ya Kigoma au Bujumbura haina pa kubisha hodi ili nayo iingizwe.

Hata hivyo, kauli ya mwenye kikoa nayo ina madhara yake. Aprili 2014 Yahoo iliagiza barua zenye jina lake zisizothibitishwa zikataliwe. Barua halali za watumiaji wake zilizopitia makundi ya majadiliano, ambayo huzibadili kidogo kabla ya kuzisambaza, zikakataliwa. Wanachama wa huduma nyingine, ambao seva zao zilitii agizo hilo, wakajikuta wameondolewa makundini. Aliyeagiza siye aliyeumia.

Isitoshe, tapeli aweza kusajili kikoa kinachofanana na cha benki na kukiwekea sera kali kabisa. Barua yake itafaulu, kwani DMARC huthibitisha jina, haithibitishi tabia.

Kwa hiyo kila chombo kina kazi yake. Mwenye kikoa aaminiwe anaposema "barua hii si yangu". Wema wa mtumaji upimwe kwa rekodi na orodha. Tangu Februari 2024 Google huwataka wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail wawe na DMARC, lakini hata sera dhaifu inakubalika. Taasisi za kanda yetu zisiridhike na kiwango hicho: zisome ripoti, zitambue kila anayetuma kwa niaba yao, kisha zifunge mlango.