Me, Ke na Herufi A

Fomu zetu za Serikali zina mahali palipoandikwa "Jinsi", na mbele yake vimekaa vijineno viwili, Me na Ke. Kila kimoja kina herufi mbili, wala hakuna kilichomzidi mwenziwe kwa wino. Mwananchi wa Ngaramtoni huweka alama yake na kwenda zake.

Kwa hakika lugha yetu imetupa heshima ambayo wengine wanaitafuta kwa jasho. Kiingereza kina kiwakilishi cha mwanamume na kingine cha mwanamke, na huko Marekani na Uingereza watu wanabishana mpaka mahakamani nani aitwe kwa kipi. Kiarabu tulichosomeshwa chuoni hutenganisha hata kitendo. Sisi tuna herufi A tu: analima, anapika, anatawala. (Kuku naye anataga kwa A hiyo hiyo, lakini hilo tuliache.) Tulipochukua neno katibu kwa Waarabu, tuliiacha tamati yao ya kike, wao katibu mwanamke humwita katiba, na Mtanzania akisikia hivyo atadhani inatajwa sheria mama ya nchi. Machi 2021, alipoapishwa Ndugu Samia Suluhu Hassan, neno Rais halikuhitaji fundi.

Lakini sarufi hiyo ina kichochoro. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Herufi tatu, L, E na W, zimepenyezwa katikati, na mtenda amegeuka mtendwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ikafuata nyayo hizo: mvulana miaka 18, msichana miaka 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba, ikatoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Serikali ikakata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka mmoja ukapita, mingine ikaufuata, sheria ikiwa vile vile. Sheria ya Elimu, iliyorekebishwa 2016, inamlinda binti aliye shuleni. Aliyeacha shule hana ukuta huo.

Azimio la Arusha la 1967, lililoanza kwa imani kwamba binadamu wote ni sawa, halikumung'unya maneno: lilisema wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, na wanaume wa huko wako likizo nusu ya maisha yao. Jasho ni la Ke. Shamba ni la nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Nasi wa Mlima Meru tunaujua uchungu wa kunyang'anywa ardhi, kwani mwaka 1952 Wameru walichanga fedha zao wakamtuma Ndugu Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa. Hata hivyo mama aliyepalilia migomba na kahawa miaka 30 hufiwa na mumewe, na matanga hayajaisha shemeji zake wanamwambia afungashe. Wanaomfukuza ni wajukuu wa wale wale waliochanga.

Tunawataka wenyeviti wa vijiji vya Arumeru walifungue daftari la hati za hakimiliki za kimila mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, wasome kwa sauti ni hati ngapi zina jina la Ke, peke yake au pamoja na mumewe. Lisomwe kabla ya masika.