Usiogope kufurahi mapema



Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Cape Town, Afrika Kusini, ambako amekuwa akifanya kazi kwa miaka mingi. Tulipomaliza kuulizana habari za nyumbani alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, nimejiandikisha tena kwenye zile mbio za baiskeli. Lakini sijamwambia mtu. Sitaki kufurahi mapema."

Nikamuuliza kwa nini.

"Unajua kwa nini, mjomba. Wewe niombee tu upepo usivume."

Kweli najua. Mwaka 2017 kijana huyu alijiandaa kwa miezi mitano. Aliamka saa kumi alfajiri, akaendesha baiskeli gizani, kisha akaenda kazini. Alinunua tairi mpya na kupunguza chakula cha usiku. Wanakwaya wenzake wote walikuwa na habari, na hata sisi huku nyumbani tuliijua namba aliyopewa ya kubandika kwenye fulana. Jumapili ya Machi 12 alifika mahali pa kuanzia kabla jua halijachomoza. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba watu walishindwa kusimama na baiskeli zao. Wengine waliangushwa, na baiskeli zikapeperushwa. Makundi ya kwanza yalikuwa yameshaondoka pale waandaaji walipotangaza kwamba mbio zimefutwa. Mpwa wangu hakukanyaga pedeli hata mara moja. Alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli kwa mkono, akaitundika ukutani, na ikakaa hapo miaka yote hii.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Ndiyo maana leo amejiandikisha kimyakimya, kama mtu anayeficha kosa.

Msomaji wangu, huenda hujawahi kuendesha baiskeli zaidi ya kwenda sokoni na kurudi. Nivumilie nikueleze kidogo kuhusu mbio hizi, kwa sababu zina somo kwa yeyote ambaye mipango yake imewahi kuvunjika.

Mbio za Cape Town hufanyika kwa kawaida Jumapili ya pili ya mwezi Machi. Zilianza Oktoba 1978 na washiriki 525, kwa lengo la kuifanya serikali ione kwamba wapanda baiskeli wanahitaji njia zao barabarani. Baadaye zilikua hadi kuandikisha watu wapatao 35,000 kwa siku moja. Wengi wao si wanamichezo wa kulipwa. Ni walimu, manesi, mafundi, wazee waliostaafu, baba na binti yake. Huendesha kilomita 109 kuizunguka rasi, wakipita Muizenberg na Simon's Town upande mmoja wa bahari, kisha barabara ya Chapman's Peak iliyochongwa kwenye mwamba upande wa pili, halafu Hout Bay na kile kilima cha Suikerbossie kinachowatoa machozi hata wenye miguu ya chuma, kabla ya kumalizia Green Point.

Lakini mbio hizi zimekutana na karibu kila kizuizi unachoweza kukitaja. Kati ya 2000 na 2003 barabara ya Chapman's Peak ilifungwa kwa sababu ya mawe yaliyoporomoka, ikabidi wapite njia nyingine. Mwaka 2002 joto lilipita nyuzi 40 na waandaaji wakazisimamisha kabla ya muda. Mwaka 2009 upepo ulikuwa mkali sana, lakini watu wakaendesha hivyo hivyo. Mwaka 2015 moto uliteketeza milima ya rasi ile, zile kilomita 109 zikapunguzwa kuwa 47. Mwaka 2017 zikafutwa kabisa. Mwaka 2018 jiji lilikuwa kwenye ukame, watu wakihesabu siku zilizobaki kabla ya mabomba kukauka, lakini mbio zikafanyika. Mwaka 2021 janga la korona lilizisogeza kutoka Machi hadi Oktoba.

Hata hivyo, kila mwaka maelfu ya watu hujiandikisha, hutia hewa kwenye tairi na kupaka mafuta kwenye cheni. Je, hawa ni watu wasiojifunza? Au wanajua jambo ambalo mpwa wangu amelisahau, na ambalo huenda hata wewe na mimi tumelisahau?

Nilipokata simu nilipiga magoti kuomba kama nilivyoombwa. Nikaanza, "Bwana, zuia upepo siku ile." Nikakwama. Nilikumbuka kwamba siku moja kabla ya zile mbio za 2017, moto uliwaka katika mtaa wa Imizamo Yethu, pale Hout Bay, ambapo nyumba nyingi ni za mabati na mbao zilizobanana. Maelfu ya watu walibaki bila makazi. Waliolala nje usiku ule walikuwa na sababu kubwa kuliko ya mpwa wangu ya kuomba upepo usivume. Na mbio zilipofutwa, maji na vyakula vilivyoandaliwa kwa ajili ya wapanda baiskeli vilipelekwa kwa waathirika wa moto ule. Ile siku ambayo mpwa wangu huiita siku iliyopotea, kuna mtoto aliyepata maji ya kunywa kwa sababu mbio hazikufanyika.

Sisemi kwamba Mungu alileta upepo ili mtoto yule apate maji. Sitathubutu, kwa kuwa upepo na moto vilitesa watu wengi. Ninachosema ni kwamba tunapoona mpango wetu umevunjika, macho yetu hubaki kwenye vipande vilivyo miguuni petu. Hatuoni mtaa wa pili.

Basi niliacha kuuombea upepo, nikafungua Biblia. Nilisoma habari za Mfalme Daudi, ambaye alitamani kwa moyo wake wote kumjengea Mungu nyumba. Halikuwa wazo baya. Hata nabii Nathani mwanzoni alimtia moyo. Lakini usiku ule ule neno likaja: si wewe utakayejenga, bali mwanao. Mbio zimefutwa, na Daudi hajakanyaga pedeli.

Angalia alichofanya. Ukisoma 1 Mambo ya Nyakati sura ya 22 utamkuta mzee huyu akikusanya dhahabu, fedha, chuma, shaba, mawe na mierezi isiyohesabika kwa ajili ya nyumba ambayo hataingia. Hakuitundika baiskeli ukutani. Na miaka mingi baadaye, Sulemani alipoiweka nyumba ile wakfu, aliueleza umati jambo ambalo Mungu alimwambia baba yake. Lipo katika 1 Wafalme sura ya 8, mstari wa 18. Kwa maneno yangu mwenyewe, Mungu alimwambia Daudi kwamba kule kuwa na jambo hilo moyoni kulikuwa kwema.

Msomaji wangu, mstari huo umenishika wiki nzima. Mungu hakumwambia Daudi, "Ulipoteza muda kutamani." Hakumwambia, "Ungesubiri kwanza uone kama itawezekana." Aliihesabu ile hamu kuwa kitu chema, ingawa haikufika mwisho. Sisi tunadhani furaha ni malipo ya mstari wa kumalizia, na kwamba anayefurahi kabla ya kufika anakula mkopo. Mungu aliona wema mapema, wakati jambo lilikuwa bado moyoni tu.

Najua kuna atakayeniuliza, "Mtumishi, mbio Jumapili asubuhi, na ibada je?" Ni swali la haki. Mpwa wangu ameniambia atahudhuria ibada ya jioni, na nimemwambia asiikose hata kama miguu itagoma. Kila mmoja ajipime mwenyewe mbele za Bwana.

Lakini lipo swali gumu zaidi. Tutawezaje kuwa na hamu ya jambo bila kuwa wajinga? Nina mambo matatu.

La kwanza, tujiandae kama jambo litafanyika. Mhubiri, katika sura ya 11 mstari wa 4, anatuonya kwamba mkulima anayekaa kuchungulia upepo na mawingu ataishia bila shamba wala ghala. Mpwa wangu alinikiri kwamba kila usiku, kabla ya kulala, anafungua programu ya hali ya hewa kwenye simu na kutazama upepo wa Machi, wakati bado kuna miezi. Nikamwambia, "Hakuna programu itakayokupa miguu. Miguu inatengenezwa barabarani." Wangapi kati yetu tumefanya hivyo? Binti hajazi fomu ya chuo kwa sababu mwaka jana alikosa nafasi. Mama hataki kununua vitambaa vya harusi ya mwanawe kwa sababu ile ya kwanza ilivunjika wiki mbili kabla. Mzee hapandi mahindi kwa sababu mvua ya msimu uliopita ilimdanganya. Tunaita hekima, kumbe ni hofu iliyovaa koti la hekima.

La pili, tusishikilie tarehe kuliko tunavyomshikilia Mungu. Yakobo anatufundisha katika sura ya 4 kuweka mapenzi ya Bwana mbele ya safari zetu zote. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mara nyingi alikusudia kwenda kwao akazuiwa. Alipotaka kwenda Bithinia, Roho hakumruhusu, akajikuta Makedonia, na Injili ikaingia Filipi. Lakini Makedonia ilimkuta mtu aliye safarini tayari. Asingekuwa na hamu ya Bithinia angekuwa amekaa nyumbani.

La tatu, likisimamishwa, tukubali kusimama. Hamu si ukaidi. Waandaaji wale wa 2017 walikuwa na maelfu ya watu waliojiandaa, wengine kutoka nchi za mbali, na bado wakasema basi. Uhai wa mtu ni mkubwa kuliko medali. Anayelazimisha jambo ambalo wazi ni hatari, kisha akaliita imani, anamjaribu Mungu. Wakati mwingine utii ni kuisukuma baiskeli kwa mkono hadi nyumbani. Tofauti itaonekana kesho yake: je, utaitundika ukutani, au utaifuta vumbi na kuingia tena barabarani? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mahali pale. Rasi wanayoizunguka watu hawa ni jirani kabisa na ile iliyopitwa na baharia Mreno Bartolomeu Dias mwaka 1488. Inasimuliwa kwamba yeye, baada ya yale aliyoyapata baharini, aliiita Rasi ya Dhoruba, na mfalme wake akaibadilisha ikawa Rasi ya Tumaini Jema. Mawimbi hayakupungua kwa sababu jina limebadilika, na upepo ni ule ule mpaka leo. Wenyeji wa Cape Town hata wameupa upepo wao wa kusini-mashariki jina la Daktari, kwa kuwa husafisha hewa ya jiji. Mahali ni pamoja, upepo ni mmoja. Mtu mmoja anaona dhoruba, mwingine anaona tumaini, na wote wawili wana sababu. Mkristo hakani dhoruba. Anaijua kwa jina, lakini haachi iwe jina la maisha yake yote.

Jana usiku nilimpigia mpwa wangu. Nikamwambia, "Mwanangu, sijauombea upepo. Nimekuombea wewe. Nimeomba ufurahi kuanzia leo, wala usingoje Machi. Furahia zile asubuhi za giza na mapafu yanayowaka unapopanda mlima. Waambie wanakwaya wenzako. Tuambie na sisi namba yako. Mbio zikifanyika, tutashangilia pamoja. Zikifutwa, tutasikitika pamoja, kisha utaniambia ni nani pale jirani anayehitaji hayo maji."

Alicheka. Kisha akaniambia kwamba baiskeli imeshashushwa ukutani tangu mwezi uliopita, ila aliona aibu kusema.

Na wewe msomaji wangu, ni kitu gani umekitundika ukutani? Labda ni ndoa uliyokata tamaa nayo, au biashara iliyoungua, au huduma kanisani uliyoiacha baada ya kuumizwa. Siwezi kukuahidi kwamba safari hii upepo hautavuma. Mimi si nabii wa hali ya hewa. Lakini nakuomba leo ukishushe, ukifute vumbi, na ukiweke mbele za Bwana aliyeiona hamu ya Daudi akasema ni njema.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe unazijua siku zetu kabla hatujazipanga. Turudishie hamu tuliyoizika kwa kuogopa kuumia tena. Tupe bidii ya kujiandaa, moyo wa kukubali ukisema hapana, na macho ya kumwona jirani pale mipango yetu inapovunjika. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.